Kutia saa ufunguo: kazi ambayo sitaki kuiandikia programu

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za simu mpya na lugha mpya za programu, nizungumzie mashine isiyo na programu hata mstari mmoja. Ni saa ya mkononi. Sisemi ile inayohesabu hatua zako na kukukumbusha kunywa maji. Nasema ile ya zamani, ya kutia ufunguo, ambayo usipoishika kwa vidole inanyamaza kimya na kukuacha ukikadiria wakati kwa jua.

Ninayo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa. Utani wa ofisini ulikuwa mwingi, kisha ukachuja, ukabaki utani mmoja tu ambao kwa kweli ni swali. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Wewe unalipwa mshahara ili mashine zifanye kazi zenyewe. Iweje uende kununua mashine inayokufanyisha wewe kazi?" Nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nalo. Ni swali la haki, na haya ninayoandika ndiyo majibu yangu.

Kwanza hilo neno lenyewe. Tunasema "kutia saa ufunguo", lakini saa yangu haina ufunguo, wala haina tundu la ufunguo. Zamani saa za mfukoni zilikuja na kifunguo kidogo kama cha kufuli ya sanduku, na kikipotea ulikuwa na pambo zuri mfukoni. Miaka ya 1840 fundi Mfaransa Adrien Philippe alibuni njia ya kuikaza saa kwa kuzungusha kifundo cha pembeni, akapata hataza mwaka 1845. (Ndiye huyo Philippe wa Patek Philippe, saa ambazo mimi na wewe tutaziona kwenye picha tu.) Ufunguo ukatoweka mifukoni mwa watu lakini Kiswahili hakikuuachilia. Nasi kwenye tarakilishi tuna ugonjwa huo huo: alama ya kuhifadhi faili bado ni disketi, na kuna vijana wanaoibonyeza kila siku ambao hawajawahi kuigusa disketi maishani.

Sasa tuingie ndani. Kuna utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa duara juu ya duara ndani ya kikopo kidogo. Hiyo ndiyo kamani. Ukizungusha kifundo unaikaza, nayo kwa kutaka kujinyoosha inasukuma magurudumu yenye meno. Ingeachiwa hivi hivi ingejikunjua yote mara moja na akrabu zingezunguka kama pangaboi. Kwa hiyo mwishoni mwa msafara wa magurudumu kuna mlinzi: uma mdogo wenye ncha mbili za yakuti, unaoshika jino la gurudumu, unaliachilia, unashika linalofuata. Na huyo mlinzi naye anapewa mwendo na gurudumu jingine linaloyumba kushoto na kulia, likirudishwa kila mara na waya mwembamba kuliko unywele. Kuutumia waya huo kwenye saa ni jambo ambalo Mholanzi Christiaan Huygens alilitangaza mwaka 1675. Miaka 350 na ushei imepita na wazo bado ni lile lile. Nioneshe programu yako iliyokaa miaka kumi bila kuandikwa upya.

Saa yangu hupiga mara 5 kwa sekunde. Fanya hesabu: 18,000 kwa saa, 432,000 kwa siku. Saa ya betri, yenye kipande cha kwatzi ndani, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Yeyote aliyesomea kompyuta akiona namba hiyo lazima atabasamu, maana ni 2 kwa kipeo cha 15: ukiigawa nusu mara kumi na tano unabaki na pigo moja kwa sekunde, na kugawa nusu ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa sakiti. Siwezi kubishana na ubingwa huo. Saa ya kwatzi ya bei ya chini kabisa pale mjini hupotea sekunde kumi na tano hivi kwa mwezi. Yangu hupotea hizo kwa siku. Nasema mapema ili pasiwe na mtu wa kuniambia baadaye kana kwamba nilificha.

Yangu ni HMT Janata. Ni saa ya India, kutoka kampuni ya serikali ya Hindustan Machine Tools iliyoanza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Janata kwa Kihindi ni umma, wananchi, na ndivyo ilivyokusudiwa: saa ya karani, ya mwalimu, ya kijana aliyefaulu mtihani. Uso mweupe, akrabu tatu, mawe 17, basi. Haina hata tarehe. Nilimnunulia fundi saa mmoja mzee hapa Nairobi mwenye meza ya kioo kwenye mlango wa duka la mtu, kwa shilingi 4,500 pamoja na kuisafisha. Nilipomuuliza niizungushe mara ngapi akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, usihesabu," akasema. "Sikiliza kwa vidole. Ikikuambia imeshiba, acha."

Mtu wa kompyuta haambiwi asihesabu. Nilihesabu. Ni kati ya 25 na 30 za kidole gumba, kutegemea jana yake ilichoka kiasi gani. Lakini mzee alikuwa na maana yake, nami niliielewa baada ya wiki tatu hivi. Mizunguko ya kwanza ni laini, unasikia vimeno vikilia kri kri kri. Kuelekea mwisho kifundo kinaanza kukupinga, kwanza kwa adabu, halafu kwa msimamo. Pale ndipo pa kuachia. Watu huogopa sana kwamba saa "huharibika kwa kujazwa kupita kiasi". Haijazwi kupita kiasi. Ikijaa imejaa, na kinachoivunja ni mtu anayeendelea kulazimisha baada ya kuambiwa hapana. Leo sihesabu tena. Vidole vinajua, na akili inabaki ikingoja maji ya chai yachemke.

Hilo la asubuhi ni muhimu, na hapa ndipo uhandisi unapoonekana. Kamani iliyojaa husukuma kwa nguvu kuliko kamani iliyochoka. Nguvu ikipungua, lile gurudumu linaloyumba hupunguza upana wa myumbo wake, na japo fundi hujitahidi mwendo usibadilike, hubadilika kidogo. Saa yangu ikijazwa hukaa kama siku moja na nusu, kwa hiyo ukiijaza kila siku wakati ule ule inatumia sehemu ile ile ya nguvu zake, na kosa lake linakuwa lile lile. Nilifungua jedwali kwenye tarakilishi nikaandika kwa miezi miwili, nikilinganisha na saa ya mtandao. Mwezi wa kwanza niliijaza saa moja kasoro robo asubuhi bila kukosa: ilikimbia mbele kati ya sekunde 12 na 16 kila siku. Mwezi wa pili nikaijaza ovyo, leo usiku, kesho mchana, mara niiache hadi ichoke kabisa: ilikimbia mara sekunde 4, mara 30, bila mpango.

Tazama maana yake. Kosa la sekunde 14 kila siku si tatizo. Ni dakika moja na nusu kwa wiki, na kila Jumapili naivuta nyuma. Tatizo ni kosa lisilotabirika. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu anajua ninachosema: hitilafu inayotokea kila mara ni rafiki, ile inayotokea ikipenda ndiyo inayokuamsha usiku. Nidhamu yangu ya asubuhi ndiyo inayoigeuza saa hii kutoka aina ya pili kuwa aina ya kwanza. Sijaona kifaa kingine ninachomiliki ambacho ubora wake unategemea tabia yangu kwa uwazi kiasi hicho.

Na kwa wale wanaopenda kupima seva kwa asilimia: siku ina sekunde 86,400. Sekunde 14 ni kama asilimia 0.016, kwa hiyo Janata yangu ni sahihi kwa asilimia 99.98. Mtihani wa asilimia 99.9 imeufaulu. Wa 99.99 imeanguka, maana ungeiruhusu kupotea sekunde 8.64 tu. Kwa chuma, mafuta na mawe kumi na saba, naona si haba.

Nirudi kwa swali la mwenzangu. Jibu la kwanza ni la kumrudishia mpira. Yeye huvaa saa ya kisasa ya kuchaji. Apple Watch ya kwanza, mwaka 2015, ilitangazwa kukaa na chaji hadi saa 18. Nyingine zimeongeza, nyingine hukaa siku kadhaa, lakini zote zinarudi kwenye waya. Kila usiku anaivua, anatafuta ile sahani yake ya kuchajia, anaomba Mungu stima zisipotee. Mimi kila asubuhi natumia sekunde ishirini, nikiwa nimeivaa au nimeishika, popote nilipo, bila waya. Kati yetu nani anafanyishwa kazi na saa? Kenya ilipoingia gizani karibu yote usiku wa Agosti 25, 2023, na umeme ukachukua saa nyingi kurudi sehemu nyingine, mashine kama yangu hazikujua kuna lililotokea.

Tofauti ni kwamba kuchaji tumekuzoea hadi hatukuoni kama kazi. Na hapo kuna jambo linalonisumbua kwenye ufundi wetu wenyewe. Sisi husema "hii inajiendesha", tukimaanisha "hii hakuna anayeitazama". Watu wengi wa kompyuta wanaikumbuka Januari 31, 2017, siku mhandisi wa GitLab alipofuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva iliyokuwa ikitumika. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, njia moja baada ya nyingine iligundulika kwamba ama haikuwa ikifanya kazi au haikuwa imewekwa sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, kwa mkono, kwa sababu nyingine kabisa. Waliyaeleza haya yote hadharani wenyewe, na kwa hilo nawavulia kofia. Mitambo ile ya akiba ilikuwa imepangwa ijiendeshe, na hakuna mkono uliokuwa ukiigusa kila siku na kusikia kwamba haipingi.

Sisemi tuanze kunakili hifadhidata kwa mkono kila asubuhi tukingoja chai. Huo ungekuwa wazimu, na mimi mwenyewe kazini huandika kazi za usiku zinazojiendesha. Ninachosema ni chembamba zaidi: kugusa kitu kila siku kunakupa habari ambazo ripoti haikupi. Siku kifundo cha saa yangu kilipoanza kuzunguka kwa ukavu fulani, niliujua kabla saa haijapoteza sekunde moja zaidi ya kawaida. Ilikuwa vumbi tu, fundi akalitoa. Tangu hapo nimejiwekea kazini mazoea ya kurudisha nakala moja ya akiba kila Jumatatu, mimi mwenyewe, kwenye tarakilishi yangu, na kuifungua nione kama kuna data ndani. Inachukua robo saa. Bosi wangu haoni faida yake, lakini hajanikataza.

Jibu la pili kwa mwenzangu ni la umiliki, na hili nalishikilia kwa nguvu kuliko la kwanza. Mwaka 2012 saa za Pebble zilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 na watu wa mtandaoni. Zilikuwa saa nzuri na watu walizipenda kweli. Desemba 2016 Fitbit ikainunua Pebble na utengenezaji ukakoma. Juni 30, 2018 seva zikazimwa, na sehemu kubwa ya yale yaliyozifanya kuwa saa za kisasa ikazimika pia. Lililotokea baadaye ni zuri: wapenzi wake, chini ya jina Rebble, wakajenga seva zao wenyewe, na Januari 2025 Google, iliyokuwa imeinunua Fitbit, ikatoa programu yake hadharani. Lakini ilihitaji jeshi la wanaprogramu wa kujitolea, na uamuzi wa kampuni mojawapo kubwa kabisa duniani, ili saa ya mtu iendelee kuwa yake.

HMT nayo ilikufa, upande wa saa. Mwaka 2016 serikali ya India iliidhinisha kuifunga kampuni tanzu iliyokuwa ikizitengeneza. Siku ile hakuna Janata hata moja duniani iliyosimama. Haikuwa na seva ya kuizimia. Inahitaji vidole, mafuta kila baada ya miaka minne au mitano, na mtu mmoja mwenye bisibisi ndogo.

Na huyo mtu mmoja ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu hoja yangu yote inamwegemea. Yule mzee wangu hana mwanafunzi. Alikuwa nao wawili; wote wako mtaa wa pili wakibadilisha vioo vya simu, na siwalaumu, kwani huko wateja wamepanga foleni. Kwa siku nzima niliyokaa pale nikimngoja amalize saa yangu, walikuja watu tisa. Saba walitaka betri, mmoja ukanda, mmoja alikuja kusalimia. Mzee alibadilisha betri saba kwa jicho la mpishi wa harusi aliyeitwa kuchemsha mayai. Kwenye droo ana vikopo vya vipuri alivyovitoa kwenye saa zilizokufa, na hakuna mahali ameandika kipi ni cha saa gani. Viko kichwani. Kwa lugha yetu, ni mfumo mzima unaoendeshwa na mtu mmoja, bila maelezo, bila nakala.

Nimeanza kufanya ninachokiweza. Jumamosi mbili kwa mwezi nakwenda na simu, nampiga picha za vipuri, ananiambia majina, naviingiza kwenye jedwali: saa gani, mwaka gani, kinaingiliana na nini. Tumefika vipuri 140. Mwanzoni alidhani nataka kufungua duka la kumshindania. Sasa ananikemea nikichelewa. Lakini jedwali haliwezi kushika kibano. Najua jina la kila kipande sasa na bado siwezi kuiweka sawa kamani iliyoruka kutoka kikopo chake. Nimejaribu kwa saa mbovu aliyonipa na iliniruka hadi chini ya meza ya jirani. Maarifa yale yanataka mikono mingine, michanga, na mteja wa kutosha wa kuilisha mikono hiyo. Ndiyo sababu nikiulizwa kama huku kutia ufunguo si mchezo wa mtu mwenye nafasi, nasema kila Janata inayovaliwa mjini ni mteja mmoja zaidi wa kazi halisi, badala ya betri ya nane.

Kwa atakayetaka kujaribu, machache kabla sijaondoka. Saa nyingi za HMT zinazouzwa mtandaoni nyuso zake zimepakwa rangi upya, mara nyingine rangi za ajabu zisizowahi kutoka kiwandani; zinatembea, lakini usilipe bei ya asili. Usiilaze juu ya spika wala kwenye kifuniko cha tarakilishi chenye sumaku, kwani ule waya mwembamba ukipata usumaku duara zake hugandana na saa hukimbia kama imefukuzwa. Usiivae kuogea. Usiku jaribu kuilaza uso juu, kisha siku nyingine isimamishe kwa ubavu, uandike tofauti. Yangu ikilala kwa ubavu hupunguza sekunde tatu hivi za ile mbio yake, nami huitumia kama kirekebishi cha bure. Na ukiijaza, ifanye wakati mmoja kila siku.

Jambo la mwisho ni ombi. Kama una mdogo wako, au mtoto wa jirani, aliyemaliza shule, mwenye macho mazuri na mikono isiyotetemeka, na asiyechukia kukaa kimya, niandikie barua pepe. Mzee amekubali kumfundisha mmoja bila malipo kuanzia mwezi ujao, kwa masharti mawili: afike kabla ya saa tatu asubuhi, na simu aiache kwenye droo.